Mteja wa Kilo Moja ya Maharage

Kagarama, Kigali
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kama umesimama, tafadhali vuta kigoda. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeshamgawia jirani? Mimi sijambo kabisa. Nakula, nasali, na baridi ya asubuhi ya huku nimeizoea. Najua utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka spika, na haya si mambo ya kusikilizwa na soko zima la Ngara.

Juzi ulininung'unikia kuhusu yule mama mgeni aliyekuja nyumbani kununua maharage. Ulisema alikaa tangu asubuhi, akauliza ya ukoo, ya afya na ya kanisa, akachungulia hadi jikoni, halafu akaondoka na kilo moja tu. Ukaapa kwamba kama si mpelelezi basi ni mchawi. Si mchawi, mama. Nitamfikia, ila lazima nianzie kazini, la sivyo hutaelewa kitu.

Unajua ofisi yetu ya Muhima hutumwa kwenye mashirika kuchunguza kazi zao zinavyokwenda na zinapokwama. Safari hii Nyokabi, bosi wangu, yule Mkenya asiyetabasamu kabla ya kunywa chai, alinipa kiwanda kidogo cha maziwa kule Gahanga. Maziwa yalikuwa yanachelewa kufika madukani, wenye maduka wamenuna, na mkurugenzi, Mzee Bayingana, alitaka kujua chanzo ni nani. Aliyenyooshewa kidole ni Mukashema, mama wa makamo anayesimamia upakiaji wa magari. Mkurugenzi aliniambia waziwazi, na kwa masikitiko, kwamba ripoti yangu ikimtaja huyo mama, itabidi aende nyumbani. Na kazi hiyohiyo ndiyo aliyomlelea mtoto wa marehemu dada yake mpaka akamaliza chuo. Nilitoka mle ofisini nikijiuliza: Mimi ni nani hata kalamu yangu imtoe mtu mzima kazini?

Nilianza na dodoso, yaani karatasi ya maswali. Niliwagawia wafanyakazi, nikawasisitizia kwamba wasiandike majina na kila mtu ajaze peke yake. Nilipokwenda kuzikusanya, karatasi zote zilikuwa na jibu moja: "Hakuna tatizo. Tunashukuru." Kumbe walikaa chini wote pamoja, kama wanavyokaa kwenye mkutano baada ya umuganda, ile kazi ya kijamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakajadiliana wee mpaka wakakubaliana jibu la kumpa mgeni. Na walijivunia! Walinieleza kwamba kila mtu akijibu kivyake itaonekana kama hawaelewani. Nyokabi alipoziona alisema alinituma nikalete dodoso, hakuomba risala.

Basi akaniambia nikae nitazame mwenyewe. Ndipo nilipoujua ugumu wa kuwa mgeni Gahanga. Nilipofika na daftari langu waliniletea kiti, wakaniletea kikombe cha ikivuguto, yale maziwa yao ya mgando, na kila nilipokimaliza wakanijazia. Hakuna aliyethubutu kunipa mgongo. Wakabeba makreti kwa adabu kama wanabeba sadaka, huku wakiniuliza habari za safari, ilhali nimetoka Kagarama hapo jirani tu. Unavyonijua, kukaa tu huku wenzangu wanabeba mizigo kuliniwasha mwili mzima. Mwishowe nikaweka daftari chini, nikaomba viatu vya mpira.

Aliyenipa viatu anaitwa Kenny. Ndiye huyo mtoto aliyelelewa na Mukashema, na kazi yake ni kupima maziwa yanapoletwa na wafugaji. Mama, usianze kutabasamu, bado niko kazini.

Nikabeba makreti mpaka mabega yakalalamika. Siku chache tu wakanisahau, wakaanza kutaniana na kugombana mbele yangu, na hapo ndipo nikaona. Kila asubuhi, magari yakiwa nusu yamepakiwa, Mzee Bayingana huwasili. Hapiti moja kwa moja kwenda ofisini, hata kidogo! Humsalimia kila mtu kwa mkono. Huyu humuuliza ng'ombe wake amezaa, yule mtoto wake amepona surua, mwingine mguu wa mama yake unaendeleaje. Na kwa desturi ya huku humpi mkubwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kreti, wala ukishasalimiwa humpi mgongo kabla hajawamaliza wenzako. Kwa hiyo watu wote husimama na kusubiri. Akimaliza, barabara ya kwenda mjini imeshajaa magari, na lawama ni za Mukashema.

Nilimvuta Mukashema pembeni nikamuuliza kwa nini hawakuandika jambo hilo. Alinitazama kama nimemtukana. Alisema amefanya kazi kwa wakubwa wengi, na huyu ndiye wa kwanza kujua kwamba ana mama mgonjwa. Wakiandika kwamba salamu zinachelewesha, kesho salamu zitakatwa, wabaki na kengele ya kazi tu. Heri yeye arudi nyumbani. Mama, machozi yalinilenga. Nikiandika ukweli nawanyang'anya kitu wanachokipenda, nikinyamaza huyu mama anaangamia.

Basi nikajitosa. Nilimwomba Mzee Bayingana asubuhi moja apitie mlango wa nyuma, asimsalimie mtu, akae dirishani kwake juu anisaidie kutazama. Alikubali kwa shingo upande. Magari yalipakiwa na kuondoka jua likiwa bado changa. Akaniuliza leo kimebadilika nini. Nilitazama viatu vyangu vya mpira nikiomba ardhi inimeze. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akauliza polepole, "Ni mimi?" Nikasema, "Ni salamu zako, mzee, na wanazipenda kuliko mshahara." Mungu mkubwa, alicheka! Alicheka mpaka katibu wake akaja kuchungulia.

Siku hizi huwasili magari yakishaondoka, na wote hukaa wakanywa ikivuguto naye, wakasalimiana mpaka wachoke. Maziwa yanafika mapema. Mukashema yupo palepale, na mkurugenzi alimwomba radhi mbele ya watu. Nyokabi aliisoma ripoti yangu akatabasamu asubuhi, kabla ya chai, nikajua nimefaulu.

Sasa yule mteja wako. Vuta kigoda karibu, mama. Baada ya hayo Mukashema aliomba ruhusa, akidai anakwenda kuona jamaa, akarudi akanikalisha chini. Alisema tangu siku niliyoomba viatu, na yeye alikuwa na dodoso lake, tena lote liko kichwani. Mtu wa kazi hiyo huku humwita umuranga. Ni kama mshenga wetu, ila huyu kwanza hupeleleza ukoo, kwa kuuliza na kwa kutazama. Kenny ndiye aliyemtuma. Mukashema ndiye yule mteja wako wa maharage, uliyeongea naye Kihangaza, yeye akikujibu kwa Kinyarwanda, mkaelewana mchana kutwa.

Na mimi nakiri, kule kiwandani sikutazama makreti peke yake. Kenny nilimtazama sana, na hayo sikumwandikia Nyokabi. Nampenda, mama. Kiswahili chake kila kitu ni "iko": maziwa iko, mama iko, upendo iko. Usimcheke mbele yake. Nimemwambia neno la mwisho ni lako.

Mukashema alinieleza kwamba amepeleleza wasichana wengine kabla yangu, na kila mama alimwambia binti yake ni malaika. Hakuna tatizo, tunashukuru! Wewe peke yako ulimwambia mgeni usiyemjua kwamba bintiyo ana mdomo, masufuria haoshi mpaka afokewe, lakini akiona mtu amebeba mzigo hawezi kukaa. Alisema alilinganisha aliyoyasikia Ngara na aliyoyaona Gahanga, yakalingana. Kwa hilo neno lako, akaridhika, akafunga safari ya kurudi Kigali.

Mwezi ujao atakuja tena, safari hii na wazee wake, kuposa. Nisalimie majirani, na kaka akirudi kutoka shamba mwambie afagie uwanja. Uliza yote ambayo hukuyauliza, chungulia nawe, na uwaambie ukweli kama ulivyousema siku ile. Ila la masufuria, mama, wameshalisikia.

Ni mimi bintiyo, mwenye mdomo,
Frida