Hatua Thelathini za Mkorosho

Kaka Hassani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwamba leo nina moyo wa kukuamkia. Wifi hajambo? Watoto je? Mimi huku Uswidi ni mzima wa mwili, baridi nimeshaizoea, ila tangu juzi chakula hakipiti, maana barua ya shangazi imefika kutoka Nachingwea. Ndiyo kwanza najua kuwa mama amelazwa kwa pumu, na kilichomwamshia pumu ni vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, uliyopuliza wewe.

Shangazi anaandika kuwa siku ya kwanza ya kupuliza mama alikwambia, "Mwanangu, kifua kinanibana." Ukamjibu nini? "Tulia mama, Somoe kapiga hesabu, hatua thelathini zinatosha." Kesho yake ukawasha mashine tena. Na keshokutwa yake! Hivi mtu anakohoa mbele ya macho yako, wewe unaamini karatasi iliyotoka ng'ambo? Hata kama niliiandika mimi! Umeniudhi, kaka, sikufichi.

Barua yako ya mwezi ule ninayo hapa. Uliniuliza, "Nikipuliza mkorosho, niwe mbali kiasi gani na nyumba ya mama?" Nikakaa nikapiga hesabu ya mkorosho. Mmoja! Vumbi linatoka mahali pamoja, linatawanyika kila upande, likifika hatua thelathini limeshakuwa jepesi. Nikakujibu kwa mbwembwe, eti msomi.

Sasa Jumatatu mwalimu wangu kanipa kazi ya kukadiria moshi wa magari. Kasema barabara usiihesabu kama bomba moja la moshi, ihesabu kama mstari mzima unaotoa moshi. Kumbuka meko ya msibani kwetu Mbekenyera. Jiko likiwa moja, ukisogea pembeni umepona. Yakipangwa mstari, ukikwepa moshi wa hili unaingia kwenye wa lile. Ndivyo ilivyo: umbali ukiwa mara mbili, vumbi la mti mmoja hubaki kama robo, la mstari hubaki kama nusu. Nilikuwa naandika hayo, nikaifungua tena barua yako. Kwetu ukisema "mkorosho wa baba" si mti, ni shamba zima! Mistari mirefu, na ule wa mwisho umepita sambamba na ukuta wa mama. Miaka mitatu tu nimekaa huku, nimeshasahau tunavyosema nyumbani. Mjinga mimi!

Sasa sikia, na usinibishie kwa kuwa wewe ni mkubwa. Mama akitoka hospitali asirudi Mbekenyera. Akae kwa shangazi mpaka msimu wa kupuliza uishe. Mistari yote ya upande wa nyumba usiiguse tena. Maua yakiliwa na ubwiri, ule ukungu mweupe, acha yaliwe! Usiniambie korosho ndizo zilizonisomesha. Najua, na mama ndiye aliyeinama kuziokota.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi mwambie barua yake nimeilowesha kwa machozi, na namshukuru kwa kutonificha kama ulivyonificha wewe. Mama usimsomee haya, atatuonea huruma sote wawili, nami sitaki kuonewa huruma. Mwambie neno moja tu: katika sisi watatu, kifua chake ndicho kilichopima sawasawa.

Ni mimi mdogo wako, niliyehesabu mti mmoja,

Somoe