Kiputo Kilichokuwa Kikikukimbia

Tata,

Karavani yako imezama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama sisi tu wazima. Sisi tu wazima. Mjukuu wako amechubuka bega, basi, na anakula kama kawaida yake, yaani kupita kiasi. Lakini ile nyumba yako ya magurudumu imelala ndani ya shimo hapa mtaani Kasulo, mlango chini, dirisha juu, na mapazia ya Mama bado yananing'inia.

Sijawahi kukuandikia barua. Sikuona haja, maana kwangu mimi ulikuwa hujaondoka. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na sijui kama utanicheka au utanikemea.

Unakumbuka ulivyoipata. Ulikuwa fundi wa karavani za wale watafuta madini wa kampuni. Wao walilala humo porini kwa miezi, nawe ulizunguka nao na sanduku lako la vyuma. Kampuni ilipoanza kuanguka, mashine zikawa zinanyamaza moja moja, wakubwa wakaondoka, karavani zikabaki uani zikiota majani. Moja wakakuachia. Wenzako walibeba mabati na milango. Wewe ukaja unavuta nyumba nzima nyuma ya trekta, na Mama akasimama njiani, mikono kiunoni, akakuuliza kama umefukuzwa kwake ukakosa pa kulala.

Vyombo vyako navijua kwa mikono kuliko kwa macho. Ile taa ya kujaribia, yenye waya na kibanio: unabana waya kwenye chuma, unagusa ncha pale unaposhuku, ikiwaka umeme upo. Kipimo cha upepo wa matairi. Kopo la sabuni na brashi ya kupaka povu kwenye mabomba ya gesi kutafuta panapovuja, maana uliniona siku moja na njiti ya kiberiti mkononi ukanguruma, "Moto hapana! Sabuni njo inaonaka gazi!" Kriki ya kuinulia gurudumu. Ule mpini mrefu wa kuteremshia miguu ya chuma inayoshikilia kona za karavani. Na juu ya vyote nivo, ile pimamaji yako ya mbao na shaba, na kiputo chake cha hewa kikiogelea ndani ya kioo. Tukifika mahali, hakuna kuteremsha hata birika kabla ya nivo. "Frigo ya gazi haipendake kuinama," ulisema. Jokofu lile likiinama kidogo tu linawaka lakini haligandishi kitu.

Tena ulikuwa mzito, Tata, tuseme ukweli. Ukikaa kwenye benchi la mlangoni, karavani yote inainama kwako na kiputo kinakimbilia upande wa dirisha. Ulikuwa unakionyesha kwa kidole na kucheka: "Ona, mwana. Hata hewa inanikimbia."

Kisha watu nao wakaanza kutukimbia. Wewe ulizaliwa hapa hapa Kolwezi. Ni babu aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Haikusaidia kitu. Walipita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai ni bilulu, wadudu, warudi kwao. Jirani aliyezoea kuazima pampu yako alikuja kuiazima mara ya mwisho, akasema usisumbuke kuifuata. Ulisimama mlangoni ukawaambia, "Mi siko kilulu. Mi niko fundi." Wakaendelea kuimba. Ndugu za Mama, Walunda wa Musumba, walimwambia abaki na mimi, wewe uende peke yako. Alikataa. Tukavutwa sote na trekta hadi stesheni, ndani ya karavani.

Stesheni ile naiona mpaka leo ninapofunga macho. Watu juu ya saruji, magodoro, masufuria, cherehani, wote wakingoja treni ya Kasai isiyokuja. Ukawaingiza wajawazito walale ndani. Nesi wa misheni akaleta chanjo za surua, na ni frigo yako iliyozitunza. Watoto walipanda kila mahali, wazee waliegemea, kiputo hakikutulia, nawe asubuhi na jioni ulizunguka na mpini wako ukirudisha kona. Siku moja ulirudisha kona ya mlango, ikainama. Ukairudisha, ikainama tena. Ukauweka mpini chini, ukapiga magoti, ukachimba kwa mikono, ukakuta bomba lililopasuka limekula udongo wote wa chini. Ukaniambia, "Ukirudisha nivo mara mbili ku upande moja, acha kriki. Angaria budongo." Nilisikia, nikakimbia kucheza.

Homa ilipopita stesheni ilikuchukua ukiwa kwenye benchi lile lile. Waliokubeba kwenda kukuzika walikuwa watu wa kungoja treni. Hatimaye treni ikaja, ndugu zako wote wakapanda, Mama na mimi tukabaki.

Unajua desturi yetu. Kilio kikiisha, ndugu za marehemu wanaketi mkekani, wanagawa vitu vyake, na hapo ndipo anapoachiwa aende zake. Wewe hukuwa na wa kukugawia. Ndugu zako walikuwa ndani ya mabehewa, na wengine sijui hata kama walifika. Mjomba, kaka yake Mama, alituvuta na karavani kuturudisha hapa Kasulo, sanduku lako likasukumwa chini ya kitanda, likakaa huko na kila kitu ndani. Pale walipokuzika pamekwisha kuchimbwa na kuchimbuliwa, siwezi kumwonyesha mtu. Kwa hiyo nilipokutaka, nilikutafuta ndani ya karavani. Mama alipochoka akarudi kwao Musumba, mimi nikabaki. Natengeneza betri na majiko ya gesi ya wenye malori. Wakiniona na taa yako ya kujaribia wanacheka kwanza. Nawaacha wacheke, bei yangu haibadiliki.

Nikazaa mtoto wa kiume, nikampa jina lako, Mukendi. Kwa hiyo naye namwita Tata, baba.

Msimu wa mvua uliopita, kiputo kikaanza kusogea. Sikuwa nimegusa kitu. Nilikuwa napika mchana, nikatazama nivo juu ya frigo, nikaona kiputo kimekimbilia dirishani kama zamani. Nikageuka. Benchi la mlangoni lilikuwa tupu. Nywele zilinisimama. Nikakirudisha kwa mpini, kikakaa siku chache, kikakimbia tena. Halafu nikaanza kusikia ngo, ngo, ngo, kama ulivyokuwa ukigonga chupa ya gesi kwa kifundo cha kidole kusikiliza imebaki kiasi gani. Nilizima jiko. Nikakusalimia.

Nisikufiche, Tata, nilifurahi. Niliogopa na nikafurahi. Nikawa nakumiminia chai. Mama Vero, jirani yangu, alikuja akakaa kwenye benchi, nikamwambia anyanyuke, kuna mtu. Akatazama kikombe kinachofuka mbele ya benchi tupu, akaaga, na siku nyingi hakuonekana. Nilimpigia simu Mama kumweleza. Akasema, "Bandugu yake habakukuwa pale ya kugawa bintu yake. Njo maana anazunguka."

Wakati huo Kasulo nzima ilikuwa inachimba. Unainua turubai sebuleni kwa mtu, unakuta mdomo wa shimo, na watu chini wanafuata kobalti. Wachimbaji walikuja kwangu, nikawafukuza na mpini. Wakaja pia watu wengine kusema mtaa utavunjwa, tuhame mapema. Nikawaambia sihami, baba yangu yupo. Nilikuwa nimekuacha stesheni mara moja, nikiwa mtoto, nimeshikwa mkono navutwa huku nikigeuka nyuma. Sikuwa tayari kukuacha mara ya pili. Mjukuu wako tuligombana juu ya jambo hilo hilo. Alitaka tuchimbe kama wengine. Nikamwambia hakuna atakayechimba chini ya baba yangu. Akaondoka kwa hasira, akasema anakwenda Fungurume kupakia malori.

Ikafika alasiri moja. Kiputo kilikuwa kimekimbia kuliko siku zote. Nikatoa sanduku nje, nivo nikaichomeka kiunoni kwenye kikwembe, nikapiga magoti kwenye kona ya mlango kuongeza kipande cha mbao chini ya mguu. Kile nilichoweka awali sikukiona. Udongo ulikuwa umekimeza. Nikashika mpini, na hapo maneno yako yakanirudia yote, na sauti yake, na harufu ya matope ya stesheni. Acha kriki. Angaria budongo.

Niliweka sikio chini. Ngo, ngo. Kisha mtu akakohoa.

Kikohozi kile nimekilea mimi mwenyewe, Tata, nimekipaka mafuta kifuani tangu kikiwa cha mtoto mchanga. Alikuwa Mukendi. Alikuwa chini yangu, hakuwa Fungurume wala kwenye lori. Unajua nini kilinijia kwanza? Sikuogopa kwanza. Nilihuzunika kwanza, kwa sababu hukuwa kwenye benchi. Hukuwahi kuwa kwenye benchi. Ndipo hofu ikanishika, nikakimbia.

Nyumba ya Baba Kalenga, penye shimo la karibu zaidi, iko nyuma ya yangu. Niliingia bila hodi, nikainua turubai, nikalala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo nikaita, "Mukendi! Mukendi, toka! Tata, toka!" Nililiita jina lako ndani ya ardhi kwa sauti ambayo sikupata kukuitia. Wakatoka wenzake mmoja mmoja. Yeye akatoka wa mwisho, mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni, bega likivuja damu. Nilimpiga kofi, kisha nikamshika nisimwachie. "Mama," akasema, "tulikuwa tunafwata tu mawe. Hatukujua kama tuko chini ya nyumba yako." Tulikuwa bado tumesimama pale uani tuliposikia chuma kikilia. Kona ya mlango ilikwenda kwanza, benchi likiwa pale pale, halafu karavani yote ikaifuata polepole.

Watu wakapiga kelele. Mukendi akataka kuruka aokoe frigo. Nilimkamata shati. Sanduku lilikuwa nje na nivo ilikuwa kiunoni kwangu, na hivyo ndivyo vyote nilivyotoka navyo.

Mama alipopata habari alisema sasa basi. Akashauriana na wazee wake kwa simu, wakaamua kwamba mwenye jina lako anaweza kukaa mahali pa ndugu zako. Tukatandika mkeka kwenye chumba tulichopanga huku mtaa mwingine, tukawaita majirani wachache, na Mukendi akafungua sanduku. Hakuwa amewahi kukuona, lakini alivishika vitu taratibu. Mimi akanipa taa ya kujaribia. Kopo na brashi vikaenda kwa Mama Vero, ambaye amenunua jiko la gesi na analiogopa. Kipimo cha upepo akampa kijana wa matairi. Kriki akampa Baba Kalenga! Nikanuna waziwazi. Mukendi akaniambia, "Acha, Mama. Njo ashikilie nayo nyumba yake." Mkeka mzima ukacheka, na Baba Kalenga mwenyewe akacheka, huku anafuta macho.

Mwisho ikabaki nivo. Alipitisha kiganja juu yake, akaiweka sakafuni katikati yetu. Nilingoja, Tata. Nilitazama upande wa mlango, nikatazama kiputo, nikatazama tena mlango. Moyo wangu ulikuwa unakuomba usogee hata kidogo. Kiputo hakikusogea, nikalia mbele ya watu wote.

Nenda sasa. Treni yako ilichelewa sana, na ni mimi niliyekuwa nimeishikilia. Ukiwakuta ndugu zako, waambie vitu vyako vimegawiwa vizuri, hakuna kilichobaki kwenye sanduku. Nami nakuahidi hivi: popote nitakapolala na mtoto huyu, nitapiga magoti niangalie udongo kwanza.

Nivo iko hapa mezani ninapokuandikia. Kiputo kimekaa katikati. Hakimkimbii mtu.

Mwanao,
Ngalula