Dakika Mbili za Daryna

S.L.P. 40,
Berezna, Saskatchewan,
Kanada.
16 Februari 2014

Mpendwa dada yangu Olha,

Hamjambo huko Adelaide? Nasikia joto linawachoma mpaka mnalala sakafuni. Mimi nakuandikia nimevaa soksi jozi tatu. Goti lako linaendeleaje? Mie ni mzima, ila kiuno kinaniuma, na kisa chake kinachekesha.

Nina habari za Daryna, binti wa Bohdan wetu. Unajua miguu yake haimtii tangu azaliwe. Miaka yote hii ninayotunza uwanja wa barafu, yeye amekuwa akitazama wenzake wakicheza mpira wa magongo, yeye akiwa nyuma ya kioo kwenye kiti chake cha magurudumu. Anajua sheria zote kuliko mimi.

Novemba akaja kocha mmoja, mama anayeitwa Marlene Friesen, na visleji saba, vigari vya chini vya kutelezea barafuni. Mtoto anakaa, anafungwa mkanda, na chini kuna vyuma viwili vya kuteleza. Kila mkono unashika gongo fupi lenye meno ya chuma nchani, la kujisukumia na kupigia.

Nilikataa, Olha. Nilimwambia Bohdan mtoto ataumia, na Bohdan, kama kawaida yake, akanyamaza. Mkewe Larysa ndiye aliyenijibu: "Baba, kila mtoto hapa mjini ana kovu la barafu. Wa kwangu tu ndiye hana."

Nikaenda nikawafungulia uwanja.

Siku ya kwanza Daryna alipinduka ubavu kabla hajafika katikati. Nikakimbilia barafuni na mabuti yangu ya mpira, nami nikaanguka kwa kiuno, pwaa! Mtoto akainua kichwa na kunifokea, "Babu, toka uwanjani! Unatuharibia mazoezi!" Watoto walicheka mpaka Marlene akapuliza filimbi.

Basi nikawa natulia pembeni. Kazi yangu ikabaki kumbeba kumvusha kizingiti cha lango la uwanja, maana kisleji hakipandi. Wiki ya tatu akanishika kola. "Babu, wachezaji wengine nani anabebwa?"

Kesho yake nikachukua msumeno nikakata kile kizingiti, bila kumwomba mtu ruhusa. Mwenyekiti wa kamati, mzee Orest, alikuja juu: "Petro, umerukwa na akili? Huo ni uwanja wa mji!" Wakati huo huo watoto saba wakapita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, wakiteleza wenyewe hadi barafuni. Orest akawatazama wote. Akaenda nyumbani, akarudi na kipande cha mpira cha kuziba pale nilipokata vibaya. Mkono wangu na msumeno unaujua.

Jana ndiyo ilikuwa mechi yao ya kwanza, na timu ya ng'ambo ya mto. Tulifungwa tano kwa mbili, lakini si hilo ninalotaka kukwambia. Kipindi cha pili msichana mmoja mkubwa alimnyang'anya Daryna kile kisahani wanachokipiga kwa magongo. Daryna akamfuata, akamgonga kwa bega mpaka akabiringika. Yule msichana aliinuka anacheka, lakini refa alipuliza filimbi na kumnyooshea Daryna mkono: namba tisa, dakika mbili nje!

Olha, tangu azaliwe hakuna mgeni aliyewahi kumkemea mtoto huyu. Wote humpapasa kichwa na kusema maskini. Bohdan, yule bubu wetu, alipanda juu ya benchi akapaza sauti, "Adhabu! Wamempa adhabu!" huku machozi yanamtoka, na Larysa anamvuta suruali ashuke.

Nikaenda kwenye kibanda cha adhabu. Nikamwambia, "Pole, mjukuu wangu."

"Pole ya nini? Nilifanya makusudi." Wala hakunitazama. Alikuwa ameikazia macho saa ya ukutani, uso mwekundu, magongo yote mawili tayari mikononi. Dakika zilipokwisha lango likafunguliwa, akachomoka.

Nisalimie shemeji Graham, na mwanao Tamara na mapacha wake. Larysa anawasalimu, na Daryna anasema mkija mlete kofia nzito.

Mungu awalinde, awape usingizi mtamu na mvua kidogo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Petro