Mwekezaji na Programu ya Kupumua

Jumatatu, 3 Februari
Pumzi kumi kabla ya kuwasha kompyuta. Kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa sita. Kisha kazi. Programu yetu sasa inaongoza mazoezi hata pasipo interneti. Kalenga, mwenzangu, aliimaliza sehemu hiyo jana. Ni nzuri. Sioni haya kusema.

Alhamisi, 6 Februari
Tumeonana na mwekezaji, Bwana Mbuyi, mjini. Hakuuliza kama watu wanapata nafuu. Aliuliza wanafungua programu mara ngapi kwa siku. Anataka kengele kila saa, na alama zinazopotea ukiruka zoezi. Watu wakifikisha mara kumi kwa siku, atasaini. Si mtu mbaya. Naye ana wakubwa wanaongoja mstari wa grafu upande juu. Anapumua juu juu, kifuani. Tumekubali kujaribu. Kalenga anacheka peke yake kwa furaha.

Jumapili, 9 Februari
Sasa watu wanafungua mara nane kwa siku. Nimeona fahari, kisha fahari hiyo imenikera. Mtu akitulia, si anafunga simu na kwenda zake? Basi kwa nini sisi tupate faida asipotulia?

Jumanne, 11 Februari
Shangazi yangu, Tantine Ngalula, amekuja. Anauza vitenge, huvifuata Mokambo, mpakani. Tangu afiwe na mume, moyo humwenda mbio. Kwa ajili yake nilianza programu hii. Jana, kwenye foleni ya mpakani, kengele ililia. Akavuta pumzi haraka haraka asipoteze alama. Kizunguzungu. Akaanguka juu ya mizigo yake.
“Téléphone yako iko inanigombeza,” aliniambia. “Mbele ilikuwa inanituliza. Sasa niko naiogopa.”
Aibu. Nimezima kengele zote kabla hajamaliza chai.

Jumatano, 12 Februari
Kalenga amenifokea. Sikumuuliza kwanza, ana haki. Kisha akaenda mwenyewe kwa Tantine. Alirudi. Alikaa, akafuta zile alama.

Alhamisi, 13 Februari
Nimemwambia Bwana Mbuyi hapana.
“Mwanangu, nani ataweka feza mu kintu chenye bantu banaacha?”
Swali zuri. Watu wakitulia, wanaiacha kweli. Bado hapana.
Nimetembea na swali hilo hadi nyumbani. Nani anafurahi mtu akitulia upesi? Anayemhudumia, kama muuguzi. Nilikuwa nagonga mlango usio wangu.

Jumatatu, 17 Februari
Mteja mmoja wa Tantine ni mkunga, Mama Kabedi. Nimemwonyesha programu. Ameijaribu mara mbili, akaniuliza maswali magumu. Anataka tuwafundishe wakunga wenzake, kwa mkataba. Mdogo kuliko ule wa Bwana Mbuyi. Tumesaini.

Jumatano, 26 Februari
Wodi ya uzazi, asubuhi, nikiwafundisha wakunga. Mama kijana, uzazi wa kwanza, aliomba nibaki. Simu iliwekwa dirishani. Alifuata pumzi tatu, akafumba macho, akanishika mkono. Hakuitazama simu tena. Mama Kabedi alihesabu naye kwa sauti ya chini, mimi pia.
Mtoto wa kike. Alilia, akanyamaza, akalala.