Bibi Irja na neno la Kiingereza

Maarit, nimejifungia chooni hapa shuleni. Usinipigie, soma tu.

Venla wangu kafaulu! Ule usaili wa Kiingereza wa shule ya kimataifa ya serikali, kafaulu! Na mimi natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuja na mama mkwe. Unamjua Irja, hata asante ya Kiingereza haijui. Asubuhi nzima kakunja ngumi, nikasema moyoni, bibi wa watu baridi yabisi imemkamata. Tukavua viatu mlangoni, tukaketi na soksi zetu.

Mwalimu akamuuliza Venla kwa Kiingereza, nyumbani unaongea na nani? Mtoto wa miaka sita, bila kupepesa macho: "Na mama. Bibi simjibu. Mama anasema Kifini cha bibi kitaniharibia Kiingereza, na bibi mwenyewe hana faida."

Hana faida! Shoga, nilisema mara moja tu, tena jikoni!

Irja anatabasamu. "Mjukuu wangu kasemaje?"

Nikadakia, "Kasema anakupenda, mama."

Mwalimu, Mfini wa kunyoosha maneno kama sisi sote, akasema, "Hapana, hakusema hivyo." Akamtafsiria neno kwa neno. Mpaka hilo la faida.

Kisha akatuambia Venla kafaulu. Irja akavaa viatu, akafunga kamba polepole. Halafu akamgeukia Venla, akakunjua ile ngumi, akasoma kwa Kiingereza, kwa shida: "Hongera."

Alikuwa ameliandika kiganjani kwa kalamu, Maarit. Tangu asubuhi.