Mzee wa Korbesa na Fahali Wangu

Mpwa wangu Halima,

Salaam aleikum. Hapa Isiolo tuko salama, mama yako mguu umepona na kelele zimerudi. Lakini barua yako imenichosha. Umesoma mpaka chuo Nairobi, halafu unaniuliza mimi wa darasa la tano kama kuitwa mpole ni kuitwa mjinga?

Sikiza. Nikiwa kijana fahali wangu alipotea, fahali mkubwa kama lori. Nikamkuta kijiji cha Korbesa, amefungwa kwa mzee mmoja. Nikaenda na fimbo, tayari kupiga kijiji kizima.

"Salaam aleikum, kijana. Nyumbani kuna amani?"

"Iko, mzee. Huyo fahali..."

"Mama ana amani?"

"Anayo."

"Na mbuzi? Na malisho? Na mvua?"

Kwetu salamu haikatwi, kwa hivyo nilijibu yote, hata hiyo mvua ambayo haikuwepo. Alipomaliza ndipo akanionyesha birika lake la kunyweshea mbuzi. Fahali wangu alikuwa amelivunja, na mbuzi wa mzee hawakuwa wamekunywa tangu jana. Hasira alikuwa nayo. Mwenye haki ya kupiga alikuwa yeye, na bado aliniuliza habari ya mama yangu.

Huyo ndiye mpole. Birika nililijenga upya siku hiyo hiyo, na fundi wa kujenga kama lile hajazaliwa. Lakini mpaka leo hakuna mtu amewahi kuniita mpole, Halima, na wewe wamekuita bure, unalalamika.

Mjomba wako,
Guyo