Springi Ngumu

Jumapili, alasiri. Mvua imepita asubuhi na kutuachia joto lile lile la kunata shingoni.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada. Wiki hii nilitaka shemeji yangu afe. Sisemi kwa hasira. Nilikuwa nimeshajua atakufa vipi na kwenye barabara ipi, na nisingehitaji hata kunyanyua mkono. Nilitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Wachache mnaopita kwenye blogu hii mmenizoea na vitabu na maswali ya fizikia. Leo sina hayo. Ulimi wangu unakwenda wenyewe kwenye pengo la jino, na kila ukifika pale nakumbuka kwa nini naandika.

Naishi Mbagala kwa dada yangu Zuhura na mumewe, Kassim, kwa sababu shule yangu iko karibu na kwao. Niko kidato cha nne. Shemeji anauza vipuri vya magari, na yeye mwenyewe ana gari moja analolipenda, jeupe, la chini, lenye mlio unaotikisa vyombo jikoni linapoingia uani. Wenye magari ya namna hiyo hukutana Kigamboni Jumapili alfajiri, kwenye kipande cha lami cha kuelekea Kimbiji kabla ya kufika pale barabara inapoharibika, wakashindana. Mara ya mwisho shemeji aliachwa nyuma na watu wakamzomea. Alirudi nyumbani akavunja kioo cha kabati kwa kiwiko. Hakuna aliyemuuliza chochote. Dada alifagia vioo.

Tangu siku ile akawa anatafuta turbo kubwa zaidi, na akaja kwangu, kwa sababu maelezo yote yako kwa Kiingereza na mimi nasoma.

Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi sana. Mtu anayepita mbele yangu kila siku bila kuniona alikaa kwenye kitanda changu, akanishikia simu nisome, akaniita msomi wake.

Kwa asiyejua: turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Moshi unatoka kwa nguvu, feni inazunguka, na upande wa pili inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Hewa nyingi na mafuta mengi, ndiyo nguvu. Ili hewa isizidi kipimo, kuna kimlango kinachoitwa westigeti. Presha ikifika mahali fulani kinafunguka na kuupitisha moshi pembeni. Kinachoamua kifunguke lini ni springi iliyomo ndani yake. Springi laini huachia mapema. Springi ngumu inavumilia mpaka presha iwe kubwa mno.

Kulikuwa na turbo mbili za kuchagua. Moja kubwa, inayochelewa kuamka lakini ikiamka inamrusha mtu kwenye kiti. Nyingine ya wastani, inayoamka mapema. Shemeji aliitaka kubwa. Nilimweleza kwamba kipande chao cha lami ni kifupi, kubwa ingekuja kuamka mashindano yameisha. Alinitazama, akacheka, akanipiga begani. Akanunua ya wastani. Mpaka hapo nilikuwa mkweli kwake kabisa.

Halafu ikaja Jumatano.

Wali ulichelewa, basi. Nilikuwa chumbani na kitabu mbele yangu. Nilisikia sufuria likigonga ukuta, kisha sauti nyingine ambayo sikuijua mara moja. Ilikuwa fanbelti, ule mkanda wa mpira wa kwenye injini. Unapotua mwilini hausikiki kama fimbo. Unasikika mzito, mfupi, kama mtu anayekung'uta godoro. Dada halii kwa sauti. Anasema "basi, baba, basi," polepole, kama anambembeleza mtoto. Jirani aliongeza sauti ya muziki wake wa singeli. Mimi nilisoma mstari mmoja wa kitabu mara nyingi sana, na mpaka leo sijui ulisema nini.

Siku iliyofuata dada alivaa nguo ya mikono mirefu na hakuweza kuinua ndoo kwa mkono wa kushoto.

Siku hiyo hiyo shemeji alikuja na westigeti. Ndani ya boksi mlikuwa na springi mbili, moja nyembamba, moja nene. Aliibana ile nyembamba kwa dole gumba, ikalala, akaitupa kitandani. Akaibana nene. Haikulala. Ilimwacha na alama nyekundu kidoleni. "Hii ndiyo mwanaume," akasema.

Hivyo ndivyo wanavyochagua kwenye magereji bubu yote ninayoyajua. Springi inabanwa kwa dole gumba, na ile inayouma ndiyo nzuri. Lakini mimi nilikuwa na karatasi ya vipimo mkononi. Pampu yake ya mafuta ni ya zamani, ile ile iliyokuja na gari. Kwa springi nene turbo ingejaza hewa ambayo pampu haiwezi kuilisha mafuta. Hewa nyingi, mafuta machache, joto linapanda mpaka kichwa cha pistoni kinayeyuka. Injini inanoki, yaani inakwama ghafla ikiwa katika mwendo, matairi yanajifunga, na gari linakuwa kipande cha chuma kinachojiamulia pa kwenda. Kwenye barabara ile kuna minazi pande zote mbili.

"Ipi, msomi?" aliniuliza.

"Hiyo hiyo," nikasema.

Kwa siku zilizobaki niliishi na picha ile. Nilikula nayo. Darasani mwalimu wa kemia anaeleza, mimi naona boneti nyeupe ikijikunja kwenye mnazi, usukani ukiingia kifuani, mlio ule ukikatika ghafla. Nilipanga mpaka uso nitakaouvaa habari ikifika. Sikuogopa. Ndilo jambo linalonitisha leo, kwamba sikuogopa hata kidogo.

Jana Jumamosi alinichukua twende gereji wakafunge. Ni kiwanja kilichozungushiwa mabati, kina magari yasiyo na milango na kuku wanaotembea chini yake. Fundi Beka, mwenye gereji, alikuwa ameshalinyanyua gari kwa jeki. Palikuwa na vijana watatu wanne wa mbio, wamekaa juu ya matairi wanakunywa soda.

"Oya, Profesa kaja," mmoja akasema. "Braza Kassim siku hizi anatembea na maktaba."

"Mcheke tu," shemeji akajibu. "Kesho mtaisoma namba kwa nyuma, mkiwa kwenye vumbi langu."

Fundi Beka alizishika springi zote mbili kiganjani. "Kassim, hii nene mie naiogopa. Siku zote nafungaga laini kwanza, tunaangalia hali."

"Acha uoga, fundi. Springi kama mke. Ukiilegezea inakudharau." Akainua dole gumba lake. "Lazima uibane mpaka ikujue."

Wakacheka wote. Mmoja akapiga bati kwa kiganja.

Nami nilikuwa nacheka.

Nilisikia mashavu yangu yamevutika. Ni tabia yangu hiyo, watu wakicheka natabasamu ili nisionekane. Dada yangu hawezi kuinua ndoo, na mdomo wangu ulikuwa unamchekea aliyemvunja.

Hapo picha ya mnazi ilibadilika. Niliona kinachofuata baada ya mnazi. Niliona maturubai yamefungwa uani kwetu, wanaume hawa hawa wamekaa kwenye viti vya kukodi wakisema Kassim alikuwa mtu wa watu. Niliona dada amekaa eda, wanawake wanampa pole kwa kumpoteza mume mwema. Angezikwa na heshima zake zote, na ile fanbelti ingezikwa naye. Hakuna ambaye angejua kamwe. Kunyamaza kwangu kungemfanya kuwa mtu mzuri milele.

Nikasema, "Itakuua."

Hawakusikia. Sauti yangu haifiki mbali, hata darasani mwalimu hunirudisha nianze upya.

"Unasemaje, dogo?" Fundi Beka akauliza.

"Hiyo nene itamuua. Pampu ya mafuta haiwezi. Injini itanoki katikati ya mwendo. Afunge laini."

Mmoja wa vijana akapiga mluzi. Shemeji alinigeukia, bado ana mabaki ya kicheko usoni. "Si wewe uliyeniambia hii hii? Toka juzi ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekosea hesabu. Angeamini.

"Nilikuwa nataka ufe," nikasema.

Kuku tu ndio waliokuwa wanatembea.

"Kwa nini?" Aliuliza kwa upole, nadhani kwa kutoelewa kweli.

"Unampiga dada. Jumatano umempiga kwa fanbelti. Mkono wake haunyanyuki."

Sikuiona ngumi. Niliona bati, kisha mchanga, kisha damu ikidondoka kwenye mchanga ikiviringika kama matone ya oili. Akanipiga teke ubavuni, pumzi ikakata. La pili likanipata mkononi. Mtu mmoja akasema, "Hayo mambo ya ndani, dogo, hayasemwi hapa," na alilisema hilo kwangu, mimi niliyelala chini. Fundi Beka alimkumbatia shemeji kwa nyuma. Sidhani kama alinihurumia sana. Gari lilikuwa juu ya jeki na shemeji alikuwa anarusha miguu ovyo. Springi zilikuwa zimemponyoka fundi, zimelala mchangani karibu na uso wangu.

Nilichukua ile nene.

Nilitoka getini nikiwa nimeikunja kiganjani. Nyuma yangu shemeji alikuwa anapiga kelele, "Mwacheni, mwacheni aende, atarudi tu, atakula wapi?"

Nilitembea mpaka nyumbani. Dada alikuwa anaanua nguo kwa mkono mmoja. Aliona mdomo wangu, akaacha shuka likaanguka chini.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeongea."

"Umeongea nini? Na nani?"

"Nimewaambia wote. Gereji. Kuhusu Jumatano."

Nilidhani atanikumbatia. Alinipiga kofi. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa kanga, akasema mimi ni mtoto, sijui nilichokifanya, sasa ataishi vipi na mtu yule. Nilimwambia asiishi naye. Akasema wewe soma vitabu vyako. Lakini aliinuka, akaweka nguo kwenye mfuko, chache sana, kama za mtu anayekwenda na kurudi. Tukachukua bajaji mpaka huku Gongo la Mboto kwa mama mdogo.

Alimwambia mama mdogo kwamba nimeanguka nikicheza mpira. Sijawahi kucheza mpira maishani, na mama mdogo anajua. Aliniangalia mdomo, akamwangalia dada mikono mirefu katika joto hili, akaenda kuchemsha maji.

Dada alisema angerudi leo asubuhi, Kassim akishapoa. Simu yake alikuwa ameiweka mezani, kila mara anaitazama. Nilijua anachosubiri. Anasubiri neno moja tu la uko wapi, au rudi nyumbani. Ungekuja ujumbe wa namna hiyo, angebeba mfuko wake.

Ujumbe ulikuja usiku tukiwa tunakula. Dada aliusoma. Akausoma tena. Akanisogezea simu.

*Muulize mdogo wako springi yangu iko wapi. Kesho nina mbio.*

"Ameulizia springi," dada akasema.

Aliendelea kula, polepole, mpaka sahani ikaisha.

Leo asubuhi alinigusa bega akaniambia nivae. Hospitali haimtibu mtu aliyepigwa bila fomu ya polisi, PF3, na jino langu la pembeni lilikuwa linaning'inia. Tukaenda kituoni mvua ikinyesha, tumejifunika mfuko mmoja wa nailoni. Springi ilikuwa mfukoni mwangu. Sijui kama shemeji alikwenda kwenye mbio au la. Kama alikwenda, alikwenda na ile laini, na yuko hai, na nimegundua kwamba nataka awe hai. Nataka aulizwe.

Askari wa zamu alikuwa mama wa makamo. Tulimwamkia, akaitikia, akanielekeza kwenye kiti. Aliandika jina langu, umri, shule. Akauliza nani kanipiga. Nikataja jina lote, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza sikuombwa kuirudia.

"Huyo Kassim ni nani yenu?"

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni mume wangu," akasema.

Askari aliacha kuandika. Alimtazama dada usoni, kisha mkono wa kushoto alioubana tumboni.

"Na wewe, mama?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la kituo. Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atasema hapana.

"Na mimi," dada akasema. "Niandikie na mimi."

Askari alivuta karatasi nyingine. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja tu. Niliinuka, nikampisha akae.